Dada Anaangalia Nyuki

Shemeji yangu ni mtu wa kuanza mambo. Kumaliza ni kazi ya wengine, na kwa kuwa ameoa, wengine hao ni dada yangu.

Alianza kufuga kuku, dada akawalisha kuku. Alianza bustani ya nyanya, dada akamwagilia nyanya. Alianza kujifunza gitaa, na hilo dada hakuweza kumsaidia, kwa hiyo likatundikwa ukutani sebuleni. Wageni wakiliulizia, shemeji huinamisha kichwa kwa unyenyekevu na kueleza kwamba siku hizi hapati nafasi. Anafanya kazi ofisi ya maji, dirisha la malalamiko. Yeyote aliyewahi kupeleka malalamiko pale anajua jinsi mtu yule asivyopata nafasi.

Basi jioni moja akaingia na sanduku la mbao lililokuwa limefungwa kwa kamba ya katani, akalitua katikati ya sebule, akajishika kiuno.

"Mama, unajua hiki ni nini?"

Dada alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Hakutoa mguu kwenye pedali. "Kabati la viatu."

"Ni mzinga. Wa kisasa. Kuanzia leo sisi ni wafugaji wa nyuki."

Dada akakata uzi kwa meno. "Sisi," akasema.

"Sisi kama familia," shemeji akafafanua, na moyo wa dada ukazama, maana neno hilo alikwisha kulisikia wakati wa kuku.

Hapo ni lazima nieleze nyumba yenyewe ilivyokuwa, la sivyo hutaelewa kilichompata dada baadaye. Watoto wao wawili wako shule ya bweni, bahati yao. Sebule ndiyo karakana ya dada: cherehani iko chini ya dirisha, meza ya kukatia vitambaa iko ubavuni, na wateja huingia bila kubisha kwa sababu mlango haufungwi mchana. Mama mkwe wa dada anaishi hapo hapo. Alikuwa na kiti chake cha plastiki, na alikiweka karibu na cherehani kiasi kwamba dada akinyoosha mkono kuchukua mkasi anamgusa goti. Toka asubuhi hadi jioni kazi ya mama ilikuwa kuutazama mshono na kuutolea maoni. Pindo limekwenda upande. Kola imekaa kama sikio la mbuzi. Zamani watu walikuwa wanapiga pasi kwanza.

Halafu kulikuwa na wifi, mdogo wake shemeji. Huyu alikuja kupumzisha akili kwa siku chache baada ya mumewe kusema kwamba supu ina chumvi nyingi. Siku zile chache zilikwisha, zikaja nyingine, na wifi akaota mizizi kwenye kochi. Habari ya supu aliisimulia kila siku, na kila siku supu ilizidi kukua. Mwanzoni mume alisema ina chumvi. Baadaye ikawa alikunja uso. Mara ya mwisho nilipoisikia mimi, alikuwa amesukuma bakuli, mama yake mzazi amecheka, na jirani ameshuhudia dirishani. Dada alisikiliza yote hayo huku anatia uzi kwenye sindano, na kila baada ya sentensi mbili alitakiwa aseme, "Hee, kweli wifi?"

Sasa turudi kwa mfugaji wetu.

Kwa wiki kadhaa shemeji alitazama video kwenye simu. Siku nilizokuwa mgeni wao, mezani hatukula kwa amani. Ukijaza maji kwenye glasi unaambiwa nyuki wanavyokunywa maji. Ukipiga mwayo unaambiwa nyuki wa kazi hawajui kulala ovyo. Alijua malkia anataga vipi, madume wanafukuzwa lini, na alilieleza hilo la madume kufukuzwa bila kuona jinsi kila mtu pale mezani alivyomtazama. Mzinga ukapelekwa mwisho wa ua, nyuma ya tangi la maji, ukasimamishwa juu ya miguu ya chuma, na kila mguu ukatiwa ndani ya kopo la oili chafu ili sisimizi wasipande. Ndani akapaka nta ili nyuki wavutwe na harufu. Mpaka hapo, sina la kumlaumu. Alifanya kama alivyofundishwa.

Nyuki, ambao hawakuwa na habari zozote kuhusu kuku, wala nyanya, wala gitaa, wakaja wakaingia.

Siku ya kwanza ya kuwatembelea, shemeji alichagua saa ya jua kali, kwa sababu ndiyo saa yenye mwanga mzuri wa picha. Alivaa koti la mvua, kofia ya pikipiki ya kuazima, na soksi za mpira mikononi. Vilevile alijipulizia manukato. Moshi hakuwasha, alisema moshi ni kwa waoga. Dada alipewa simu asimame mlango wa jikoni apige picha, na picha hiyo ninayo mpaka leo. Inamwonyesha mwanamume akifunua kifuniko cha mzinga kwa madaha, kidole gumba juu. Picha inayofuata haina mtu. Ina tangi la maji na ndoo iliyopinduka.

Nyuki mmoja alikuwa ameingia ndani ya kofia. Ukiwa umefunga kofia ya pikipiki na nyuki yumo, kofia hiyo huwezi kuifungua haraka, na shemeji aligundua hivyo huku akikimbia. Alipita kwenye kamba ya nguo, akaondoka na shuka, akajifungia bafuni. Kesho yake alikwenda kazini na miwani ya jua na mdomo uliovimba upande mmoja, akawaambia wenzake kwamba ni mzio wa vumbi. Walalamikaji walioletewa bili za maji ambayo hawakuyatumia walimkuta hawezi kutamka herufi ya "p". Nasikia siku hiyo malalamiko yalipokelewa kwa upole usio wa kawaida.

Tangu hapo shemeji akapanda cheo. Akawa msimamizi.

"Kazi ya mikono apewe mtu mwenye mikono mizuri," alimwambia dada. "Mimi nitashughulika na mipango."

Dada alimwita bwana nyuki. Huyu ni afisa wa serikali anayezungukia wafugaji, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo kana kwamba muda wote anaogopa kuamsha mtoto. Akamweleza dada mambo matatu manne: nenda jioni jua likishapungua, washa moshi kwanza, usivae manukato, usiwe na haraka. Na uvae nguo ya maana. Dada akasema nguo siyo tatizo.

Aliikata ovaroli nyeupe kutoka kitambaa kizito cha mashuka ya hospitali, akaishona tabaka mbili, akatia lastiki vifundoni na mikononi, na zipu kutoka kitovuni hadi kidevuni. Kofia aliizungushia wavu mweusi wa madirishani. Alishona kila ungio mara mbili. Mama mkwe alikaa kando, akatazama, akasema zipu imepinda. Haikuwa imepinda.

Jioni ile ya kwanza dada alivuka ua na bomba lake la kufukizia moshi, kopo lenye mdomo na mfuko wa ngozi wa kupulizia, ndani limejaa vipande vya boksi vinavyoungua polepole. Akapuliza kidogo mlangoni mwa mzinga. Akasubiri. Akainua kifuniko, akatoa kijiti cha kwanza kilichoning'iniza sega jipya, jeupe kama karatasi, limejaa nyuki wanaotembea juu ya wenzao bila kugombana. Aliogopa, hilo alikiri. Lakini kilichomshangaza kilikuwa kitu kingine. Aligeuka nyuma akaona mlango wa jikoni umefungwa. Mama mkwe na wifi walikuwa dirishani, wamegandamiza pua kwenye kioo, na dirisha lenyewe wamelifunga kwa komeo.

Hakuna aliyekuwa anamfuata.

"Mdogo wangu," aliniambia kwenye simu, "nilisimama pale mpaka moshi ukaisha. Hakuna mtu aliyeniuliza chumvi iko wapi."

Kuanzia hapo dada akawa mfugaji hodari. Hodari mno. Mteja akichelewa kuondoka, dada anaangalia nyuki. Wifi akifungua mdomo na neno "supu" likaonekana linakuja, dada anasimama, anachukua kofia, anaangalia nyuki. Mama akisema mshono wa bega umelegea, nyuki nao ghafla wanahitaji kuangaliwa. Nilikwenda kuwatembelea nikamkuta wifi peke yake kwenye kochi.

"Dada yuko wapi?"

"Anaangalia nyuki," wifi akasema. "Sijui wana ugonjwa gani. Ameshawaangalia asubuhi, na mchana, na sasa. Kaa nikuhadithie kilichonipata kwa yule mwanamume."

Nikakaa. Ningefanyaje, mimi sina ovaroli.

Bwana nyuki aliporudi kukagua, alifungua mzinga akatikisa kichwa. Sega zilikuwa chache, asali kiduchu, na nyuki wenyewe walikuwa wamejikusanya upande mmoja kama abiria waliokwisha kufunga mizigo. Akafunika. Wakasogea mpaka karibu na nyumba, dada akavua kofia.

"Mama, huu mzinga unafunguliwa mara ngapi?"

"Mara moja moja," dada akasema.

"Mara moja moja kwa mwezi?"

Dada akatazama viatu vyake.

"Kwa wiki?"

Dada akakung'uta kofia.

"Kwa siku, mama?"

"Inategemea siku," dada akasema.

Bwana nyuki hakumkemea. Alikuna kidevu akatafuta maneno. "Sikia, mama. Chukulia uko nyumbani kwako, una kazi zako. Halafu kila saa kuna mtu anakufunulia paa anachungulia unafanya nini. Haleti kitu, haondoi kitu, anachungulia tu. Wewe utakaa?"

Dada akageuza kichwa kuelekea dirisha la sebule. Wifi alikuwa pale, amesogeza pazia kwa kidole, anajaribu kusikia.

"Nakuelewa," dada akasema. "Yaani hata usingenieleza zaidi."

"Waache. Watahama hawa."

Dada alihuzunika kweli. Alikuwa amekimbia watu wanaomchungulia, akaenda kuwachungulia wengine, na wale wengine hawakuwa na pa kukimbilia isipokuwa kuondoka kabisa. Lakini kuacha kwenda nyuma ya tangi, hilo hakuliweza. Akapata njia ya katikati. Alivaa ovaroli kama kawaida, akajaza bomba moshi kama kawaida, akatoka mbele ya macho ya wote kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli nzito. Akifika nyuma ya tangi, anaweka bomba chini, anakalia kigoda, mzinga umefungwa mbele yake, na anakaa. Nyuki wanaingia na kutoka. Yeye haingii wala hatoki. Baada ya muda anarudi ndani na kusema, kwa sauti ya uchovu, kwamba leo kazi ilikuwa kubwa.

Shemeji alifurahi sana. Aliwaambia wenzake ofisini kwamba chini ya usimamizi wake mradi umeingia hatua mpya.

Na nyuki, walipoachwa, walitulia. Sega ziliongezeka. Yule mzinga ukaanza kuvuma kwa sauti nzito ya kitu kilichojaa.

Kosa la dada lilikuwa kudhani kwamba tangi linamficha. Kutoka dirisha la sebule halionekani kitu, lakini kutoka dirisha dogo la stoo, ukipanda kwenye gunia la mkaa, unaona kila kitu. Sijui mama mkwe, kwa miguu ile anayolalamikia kila asubuhi, alipandaje gunia la mkaa. Ninachojua ni kwamba siku moja mezani alifuta mdomo akasema:

"Mwanangu, na mimi nishonee nguo kama ile."

Kijiko cha dada kikasimama hewani. "Ya nini, mama?"

"Ya kuangalia nyuki."

"Mama, nyuki wanauma."

"Nimezaa watoto sita," mama akasema, akaelekeza kidevu kwa shemeji, "na mmoja wao ni huyu. Nyuki atanifanya nini?"

Dada alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Amenifuata mpaka huko, mdogo wangu. Mpaka huko kwenye nyuki."

Nilimshauri aibane suruali, mama ashindwe kupiga hatua. Dada hakuweza. Ana kasoro nyingi lakini hajui kushona vibaya kwa makusudi. Alichoweza ni kuchelewesha. Kwanza kitambaa kilikwisha. Kitambaa kilipopatikana, sare za shule zikawa nyingi. Sare zilipopungua, zipu ya urefu ule haikupatikana dukani. Siku iliyofuata mama akaenda mwenyewe dukani, kwa miguu ile ile, akarudi na zipu, akaiweka juu ya meza ya kukatia bila neno lolote. Dada akashona.

Jioni hiyo dada alitangulia nyuma ya tangi akakaa kwenye kigoda chake, anahesabu dakika za mwisho za uhuru wake. Mama akatokea kwenye kona ya tangi ndani ya ovaroli nyeupe, mdogo, amejaa wavu usoni, kiti chake cha plastiki amekishika mkono mmoja. Akakiweka. Akakaa. Dada akasubiri aambiwe kwamba kigoda kimekaa vibaya, moshi ni mwingi, mzinga umeinama.

Mama hakusema kitu. Walikaa muda mrefu. Nyuki waliokuwa wanarudi walishuka mmoja mmoja kwenye kibaraza cha mzinga na kupotea ndani.

"Hawa hawaongei?" mama akauliza mwishowe.

"Hawaongei, mama."

"Vizuri."

Kisha mama akasema, bila kugeuka, "Yule mtoto wangu hanyamazi tangu akiwa mdogo. Alikuwa anaongea hata usingizini. Nilidhani akiolewa nitapumzika. Sasa ameirudisha ile supu hapa hapa."

Mtu hawezi kumsema wifi mbele ya mama yake, hata kama mama ndiye aliyeanza.

"Ndiyo maana nakaa karibu na cherehani yako," mama akaendelea. "Ile mashine ina kelele. Ukianza kukanyaga simsikii."

"Kumbe, mama." Dada alichagua maneno. "Mimi nilidhani unakagua mishono."

"Mishono yako ina nini? Unashona vizuri." Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Lakini nikikaa pale kimya utaniuliza naumwa nini, halafu utanipa dawa. Basi nasema pindo limekwenda upande."

Dada aliniambia kwamba alishukuru kuwa na wavu usoni. Miaka yote ile alikuwa akifumua mapindo yaliyonyooka. Alikuwa amekaa usiku kucha na kola zisizo na kosa, anazigeuza, anatafuta lile sikio la mbuzi. Alitaka kukasirika, na alijaribu kwa dhati, lakini kicheko kikamshika, akacheka mpaka ovaroli ikatikisika. Mama akamwambia anyamaze, atawasumbua nyuki. Kisha na yeye akacheka.

Tangu siku hiyo waangaliaji wa nyuki wakawa wawili.

Asali ilipokomaa bwana nyuki alikuja jioni kuwasaidia kurina. Alikata sega zilizofunikwa nta, akaacha nyingine kwa nyuki wenyewe. Dada alishika moshi, mama akashika ndoo. Shemeji alisimamia kutoka jikoni, dirisha likiwa limefungwa, akitoa maelekezo kwa ishara za mikono ambazo hakuna aliyeziangalia. Mama alidungwa kiganjani, akautoa mwiba kwa ukucha, akasema amewahi kupata wakwe wabaya kuliko nyuki huyo.

Kesho yake shemeji alichuja asali kwa kitambaa, akaijaza kwenye chupa, akabandika karatasi zenye jina lake na chini yake neno "Mfugaji". Ofisini alitoa somo refu kuhusu uvumilivu. Mwenzake mmoja akamuuliza ni kitu gani kigumu zaidi katika ufugaji wa nyuki, naye akafikiri kidogo, akasema ni kuwaelewa.

Mume wa wifi naye alikuja. Alikaa kwenye ncha ya kochi, mtu mpole aliyevaa shati la kupigwa pasi vibaya, akasema amekuja kuomba radhi kwa ile habari ya chumvi. Ikabainika kwamba alichosema siku ile ni, "Naomba maji." Hakukuwa na bakuli lililosukumwa, na mama yake mzazi alikuwa safarini. Wifi alisema hayo si muhimu, muhimu ni alivyoyasema. Akafunga mizigo, akachukua chupa mbili za asali, na mlangoni nilimsikia akimweleza mumewe jinsi walivyohangaika na wale nyuki, yeye na dada, jioni baada ya jioni.

Sasa sebule ile imetulia. Ungetegemea kwamba dada na mama mkwe wangebaki ndani, maana waliyekuwa wanamkimbia ameondoka. Nilipokwenda juzi nilikuta cherehani imefunikwa kitambaa na shemeji anatazama taarifa ya habari peke yake. Nikapita jikoni mpaka mlangoni. Walikuwa nyuma ya tangi, mmoja kwenye kigoda na mmoja kwenye plastiki, weupe kuanzia shingoni hadi miguuni, hawafanyi lolote.

Dada aliporudi na kuvua kofia nilimuuliza kama kweli ameanza kuwapenda nyuki.

"Niwapendee nini?" akasema, huku anajikuna kisigino. "Leo wamenidunga hapa, ona palivyovimba. Wanachafua nguo zangu kwenye kamba. Mama anasema wamezidi ukali." Akaninyima kiti, akakaa yeye. "Lakini nenda nao polepole, usiwafunue ovyo, na wao wanakuacha. Kuna watu wangapi humu unaoweza kusema hivyo juu yao?"

Kutoka sebuleni shemeji akaita, anauliza chai imefika wapi. Mama mkwe, aliyekuwa bado hajavua ovaroli, akashusha wavu usoni, akarudi zake uani.